Kivuli Juu ya Chemchemi ya Rwambuzi

Kila Jumatatu asubuhi Émilienne alitungua utepe wa kupimia kutoka kwenye msumari wa ofisi ya mazingira, akavaa mabuti yake ya mpira, akapanda kilima cha Rwambuzi kuhesabu miti iliyo juu ya chemchemi. Miti ilikuwa mia mbili na arobaini. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na vita vilipoingia Bunia na wenye bunduki wakaanza kupokezana mji, aliendelea kuhesabu, maana hakuna aliyemwambia aache.

Katikati ya mwaka 2002, waliokuwa wameshika mji wakati huo walitoa mpango. Floribert, mkuu wa ofisi, aliusoma mbele ya wafanyakazi wanne waliobaki. Mbao zingejenga upya shule na dispanseri zilizochomwa, nyingine zingevuka ziwa kutoka bandari ya Mahagi-Port kuuzwa, ili mji upate dawa na mafuta ya taa, lakini nusu ya kila msitu ingebaki imesimama. Ile sentensi ya nusu aliiandika Floribert mwenyewe. Aliisoma mara mbili.

Mvule wa kwanza ulianguka Jumanne. Wapasuaji waliupasua, wakaupakia kwenye kamio ya magurudumu kumi, na kamio ikaondoka. Kivuli cha mti kilibaki. Asubuhi kililala upande wa magharibi, saa sita kikajikusanya kuzunguka kisiki, jioni kikarefuka upande wa pili, kama siku zote. Wapasuaji walikula muhogo wao humo, kisha wakaangusha wa pili.

Mvua za mwaka zilipokwisha, miti yote ilikuwa imeondoka na kivuli chote kilikuwa bado pale. Shule haikuwa imejengwa.

Familia kumi na moja zilizokimbia kutoka upande wa Djugu zilitandika mikeka kivulini. Miongoni mwao walikuwa Pétronille na mama yake, Gertrude, ambaye magoti yake hayakumruhusu kwenda mbali. Mahali hapo palikuwa na baridi nzuri. Ndege walipita juu bila kutua. Wakaazi wa Rwambuzi walikuja mchana kusuka nywele na kuchambua maharage, na jua lilipogeuka, kila mtu alivuta mkeka wake kidogo.

Shida ilikuwa maji. Zamani bidoni ya lita ishirini ilijaa kwa muda wa kusali Baba Yetu mbili. Sasa Pétronille alikinga bidoni, akasali rozari nzima, na maji yalikuwa bado hayajafika shingoni. Nyuma yake wanawake walipanga mstari hadi barabarani, na watu waliokuwa wakisalimiana waliacha kusalimiana.

"Mama Émilienne," Pétronille alisema siku moja, akimtazama akinyoosha utepe wake juu ya visiki. "Hii kivuli iko muzuri. Lakini haina mizizi."

Émilienne alimjibu kwamba anajua, na kwamba ataandika.

Aliandika. Kwenye fomu ya ofisi aliweka miti: hakuna, kivuli: kamili. Chini yake, kwa kalamu, aliongeza kwamba chemchemi inakauka. Floribert aliisoma akiwa amesimama dirishani. Alimkumbusha kwamba amri ya zamani, ambayo kila utawala ulikuwa umeikubali, inasema msitu ni mahali ambapo jua haligusi udongo saa sita mchana.

"Saa sita jua inagusa udongo kule?" aliuliza.

"Haigusi, chef."

"Ulipima?"

"Nilipima."

"Basi musitu iko."

Hakusema hivyo kwa furaha. Alimwambia kwamba alikwenda mara tatu kwa wakubwa kuulizia ile nusu, na mara ya tatu walimwonyesha mlango kwa mtutu wa bunduki. Kuhusu maji, fomu haikuwa na mstari wa maji. Ripoti ilipigwa taipu bila maneno ya kalamu, na wiki iliyofuata, kwa kuwa msitu wa Rwambuzi haukupungua hata mita moja, wapasuaji walipewa ruhusa ya kupanda Bigo, msitu uliofuata.

Alhamisi Pétronille alichoka kungoja kwenye mstari. Alichukua bidoni akaenda mtoni, ng'ambo ya kizuizi cha askari. Saa tisa milio ya risasi ilisikika upande huo. Saa kumi kivuli chake kilirudi peke yake kikipanda kilima, kimebeba kivuli cha bidoni kichwani. Kiliketi mahali pake. Gertrude alisogea akakiachia nafasi, kisha akaweka mkono wake juu ya mkeka mtupu.

Kesho yake Émilienne alimwomba Floribert amwandike Pétronille katika orodha ya waliopotea ambayo kila ofisi ilipeleka kwa wakubwa. Floribert aliuliza kama kivuli chake kipo. Émilienne alisema kipo. Floribert aliweka kalamu mezani.

"Unajua vile wataniambia," alisema. Hakuandika kitu.

Maji yalikuwa bado yanahitajika. Jumamosi Émilienne aliacha kulima bustani yake, akabeba bidoni mbili na kumshika Gertrude mkono, maana mama huyo alikataa kubaki, wakashuka polepole njia ya mtoni hadi kizuizini. Kivuli cha Pétronille kiliinuka kikawafuata.

Askari alikuwa amekaa kwenye kreti, daftari gotini. Aliwauliza wako wangapi.

"Siye batatu," Gertrude alisema.

Jua lilikuwa nyuma yao. Askari alihesabu vivuli barabarani, akaandika tatu, akainua kamba ya kizuizi.