Koti Nyuma ya Mlango

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia mchezo wa video ungemfunza binti yangu kuruka bila kuanguka. Nilimkata jicho. Mtoto wa miaka minane hawezi kufunga vifungo, hawezi kudaka mpira, na huyu ananiletea televisheni. Lakini ngazi za shule zilikuwa zinamshinda tangu pacha wake alipofariki kwa homa, maana pacha ndiye aliyemshika mkono kila asubuhi, upande wa kushoto. Nikakubali.

Kwenye chumba cha mazoezi cha kliniki, kamera juu ya televisheni ilimwona, na mchoro wa mtu ukatokea kwenye skrini ukimwiga. Akiruka, unaruka. Akianguka, na alianguka sana, unaanguka.

Siku moja michoro ikawa miwili. Wa pili ulikuwa mfupi, umetulia kushoto kwake. Nikainuka kitini. Binti yangu akaruka madimbwi yote ya mchezo bila kuyumba, huku akicheka.

"Usiogope, mama," mtaalamu alisema. "Kamera imedanganywa na lile koti. Inadhani ni mtu."

Koti la marehemu. Binti yangu hakubali kutoka nyumbani bila kulivaa, huniachia tu anapofanya mazoezi, na siku hiyo nilikuwa nimechoka kulipakata, nikalitundika nyuma ya mlango. Mtaalamu akalitoa. Mchoro ukapotea, mtoto akaanguka kifudifudi.

"Lirudishe," nikamwambia.

"Kule kwenye ngazi za shule halitamshika, mama."

Nilimchukia kwa sababu alisema kweli.

Tangu hapo nilikaa na koti nje, kwenye benchi la korido, nikisikiliza vishindo vya kuanguka. Vikawa vinapungua wiki hadi wiki. Jana sikusikia hata kimoja. Binti yangu akatoka jasho likimtiririka.

"Nimeruka yote, Mama. Peke yangu."

Nilimkumbatia, na neno hilo la mwisho likaniuma vibaya.

Alipokwenda na mtaalamu kunywa maji, niliingia mle chumbani. Nikalitundika koti, nikasimama mbele ya kamera. Mchoro mfupi ukajitokeza kushoto kwangu. Nikanyoosha mkono, nikashika hewa. Kwenye skrini mkono wangu ulimfikia.

Sijui nilisimama pale muda gani. Mchoro wa tatu ukatokea kulia, na kiganja chenye jasho kikaingia mkononi mwangu.

"Twende, Mama," binti yangu alisema. "Nitakushika kwenye ngazi."