Mtu Mmoja kwa Kila Mtoto

Mwaka ule wa korona Leonida alilazwa kwa nimonia akiwa na miaka mitatu, na mama yake, Marcelina, akazuiwa getini. Hospitali iliruhusu mtu mmoja tu kumuuguza mtoto, tena asiyekohoa. Marcelina alikohoa. Ulikuwa moshi wa kukaushia samaki aina ya migebuka pale Kibirizi, lakini nani angemsikiliza? Mumewe, Pastory, alikuwa kwenye kambi ya uvuvi ziwani. Akaingia Yunisi, wifi yake wa Mwandiga.

Kila asubuhi Marcelina alileta uji, Yunisi akatoka kuupokea.

“Anaendelea vizuri, wifi. Ila halali mpaka ashike sikio langu.”

Marcelina alishukuru. Tangu ananyonya, Leonida alikuwa akilala ameshika sikio la mama yake.

Siku ya tano Yunisi alitoka anacheka. “Wodi tupu, watu wanaogopa kuleta watoto. Manesi wanashinda na sisi. Na jana kaniita mama, tukacheka sana.”

Marcelina hakucheka. Yunisi aliporudi ndani, yeye alimsogelea mlinzi, Mzee Dismasi.

“Mzee, yule wifi yangu naye alikuwa anakohoa nyumbani. Nimeona niseme.”

Haikupita saa moja, Yunisi akatolewa na kanga zake mkononi. Marcelina akajifuta uso, akajongea mlangoni.

“Wewe ulishakataliwa,” nesi alimwambia. “Mpaka apatikane mwingine, mtoto atakaa na sisi.”

Dirishani sauti ya Leonida ilisikika, imekauka kwa kulia. Alikuwa anamwita shangazi.

“Nesi, nilidanganya,” Marcelina alisema. “Hakohoi. Mrudisheni.”

“Mama, sasa nikuamini lipi? Siwezi kumrudisha mtu kwa maneno.”

Yunisi alikuwa nyuma yake, amesikia yote. “Kwa nini, wifi?”

“Alikuita mama.”

Yunisi akaenda kutafuta gari la Mwandiga.

Leonida alikaa siku mbili bila ndugu, hadi baba yake alipofika kutoka ziwani. Alipona, akaruhusiwa wiki iliyofuata.

Yunisi alikuja kumwona baada ya mwezi. Mtoto alimkimbilia, akajilaza kifuani pake. Marcelina aliweka chai mezani, wivu bado anao.

“Nisamehe, wifi.”

“Bado,” Yunisi alijibu, huku akimpapasa mtoto mgongoni.

Marcelina alivuta kigoda, akakaa karibu nao. Hakumwita mtoto.