Mikono ya Persis

Keumbu nzima iliijua mikono ya Persis. Ukiteguka kifundo, ukianguka na mzigo wa ndizi, ulipelekwa kwake, akakukanda kwa maji moto na samli mpaka ukamtukana, na wiki iliyofuata ukatembea. Basi goti la mjukuu wake Bosibori, msichana wa miaka kumi na minne, lilipovimba Januari, nani angethubutu kutaja hospitali? Nyanchama, mama wa mtoto na mkwe wa Persis, alithubutu mara moja tu. Persis akamkata kauli: watu watoke Suneka waje kwangu, halafu mjukuu wangu apelekwe kwa wageni?

Akakanda. Miezi minne alikanda, na uvimbe ukazidi kuwa mgumu. Mtoto aling'ata leso asilie. Persis akadhani ni msuli mkaidi, akaongeza nguvu, Mungu amsamehe.

Mei, Bosibori aliposhindwa kukanyaga chini, ndipo wakaenda hospitali mjini Kisii. Daktari hakujua Ekegusii, na Persis alidai hajui Kiswahili, hivyo Nyanchama akawa mkalimani. Uongo mtupu! Bibi huyo amewauzia madereva wa kila kabila ndizi kwa Kiswahili miaka thelathini, ingawa nyumbani hakukisema kamwe. Aliogopa tu kuulizwa.

"Ni saratani ya mfupa," daktari aliwaambia, mtoto akiwa amebaki wodini. "Mguu itabidi tuukate juu ya goti. Lakini imeshafika mapafuni. Sitawadanganya, kupona ni vigumu sana."

Nyanchama akauliza, "Na kama tungemleta Januari, badala ya kumkanda nyumbani?"

"Kukanda hakukuleta ugonjwa, lakini uvimbe kama huu haukandwi. Januari, huenda tungekuwa tunaongea mambo ya mguu peke yake."

Persis alingoja mkwewe amgeukie amwage yote, na haki angekuwa nayo. Ili asijulikane ameelewa, akauliza kwa Ekegusii, "Amesema nini?"

Nyanchama alimtazama. Akajibu kwa Ekegusii, "Amesema hata tungekuja Januari, Mama, ingekuwa vilevile."

Huruma hiyo ilimchoma Persis kuliko tusi lolote. Akamgeukia daktari.

"Nimesikia yote, daktari," akasema kwa Kiswahili. "Ni mimi nilimkanda. Huyu mama yake alitaka hospitali, mimi nikakataa. Andika hivyo, watu wa nyumbani wasije wakamlaumu yeye."

Nyanchama akajifunika uso kwa mikono, akalia.