Habari za Kazi kwa Wino wa Kijani

Furushi lilifika Jumamosi asubuhi, Mizani akisugua kutu kwenye mizani ya muuza nyama kwa mswaki mkuukuu. Alinawa mikono, akavaa miwani, akaifungua kamba taratibu bila kuikata, maana ingehitajika tena.

Kwa miaka kumi na moja furushi hilo lilizunguka miji mitatu. Ndani yake mlikuwa na mswada wa kitabu, Fundi na Mwili Wake, ambao watu watatu waliokaa dawati moja kwenye masomo ya jioni walikubaliana kuuandika pamoja. Mwalimu wao aliwaita kwa kazi zao, na majina yakawaganda. Mizani, fundi wa mizani, aliandika kuhusu macho, kwa wino wa bluu. Nyuzi, mwanamke wa kiwanda cha nguo, aliandika kuhusu masikio, kwa wino mwekundu. Rangi, wa kiwanda cha rangi, aliandika kuhusu kifua, kwa wino wa kijani. Juu kabisa ilikaa karatasi ya Habari za Kazi, yenye sharti moja: mwenzako akibadilisha kazi, huandiki lolote kabla hujamwandikia hongera.

Safari hii Rangi alikuwa ameandika: “Ndugu zangu, nimebadilisha kazi. Tangu Jumanne iliyopita nimekufa. Mshahara hakuna, ila kikohozi kimekata. Sura ya saba imebaki kurasa nne. Msije mkasema nawachelewesha.”

Mizani alisoma mara mbili akitafuta makosa, kwa kuwa Rangi hakuwahi kujua mahali pa kuweka mkato. Hakuona kosa.

“Rangi amekufa,” alimwambia mkewe.

“Maskini! Kakwambia nani?”

“Mwenyewe. Kaandika.”

Mkewe aliendelea kuchambua mchele. “Mwenzio hata kufa hakukumzuia kuandika. Na wewe na uzima wote huo, barua ya dada yako inamaliza mwezi hapo kabatini.”

Sharti ni sharti. Mizani aliandika “Hongera”. Kisha akapekua karatasi za nyuma mpaka akaipata ya miaka miwili iliyopita. Rangi alikuwa ameuliza: “Wanataka kunipandisha cheo, nihamie chumba cha kuchanganyia. Hakina dirisha. Mnasemaje?” Chini yake, kwa bluu, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, palisomeka: “Hongera! Panda ngazi, ndugu yangu. Dirisha watalitoboa tu.”

Aliutazama mwandiko wake mpaka mkewe akamwita mara tatu kwenda kula.

Furushi liliendelea kuzunguka. Mpeleka barua wa mji wa Rangi alilipeleka makaburini, akaliweka juu ya saruji mbichi, na Ijumaa akalifuata. Kwenye kitabu cha sahihi aliandika kwamba mpokeaji yupo. Kurasa zilirudi zimejaa, ila wino ulichukua siku tatu kukauka na ulinuka rangi ya mafuta. Mke wa Mizani alizianika kwenye kamba pamoja na mashati.

Hivyo ndivyo sura ya saba ilivyokamilika. Ilikuwa na mchoro wa chumba cha kuchanganyia, ukuta unaofaa kutobolewa, upana wa dirisha na kimo chake kutoka sakafuni. Mizani hakujali tena kitabu kingetoka lini. Alichotaka ni dirisha lile. Alimwandikia Nyuzi, ambaye kiwanda chake kilikuwa kimefungwa na siku zake zilikuwa tupu, ampelekee meneja wa kiwanda cha rangi sura hiyo mkononi. Nyuzi akapanda basi.

Furushi lilirudi baada ya siku tisa, likipitia kwa Rangi. Wino mwekundu ulikuwa juu.

“Kaka, meneja alisoma yote akiwa amesimama. Akasema imeandikwa vizuri kuliko ripoti za ofisini kwake. Halafu akafungua faili, akasema mwandishi aliacha kazi bila kutoa notisi ya mwezi mmoja, kwa hiyo maoni yake hayapokelewi. Akaniuliza kama nina kazi. Nafasi ya Rangi iko wazi. Nimekubali, naanza Jumatatu. Masikio yangu yamekwisha, lakini kifua bado kizima.”

Chini yake, kijani kilikuwa bado kibichi: “Hongera, dada. Kile kigoda kina mguu mbovu, kiegemeze ukutani. Kaa karibu na mlango. Watu wakiingia na kutoka, hupita hewa kidogo.”

Mizani alishika kalamu, akaandika, “Dada, usi”. Akatazama kalenda ukutani. Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu ilikwisha pita.

“Mbona umeganda hivyo?” mkewe aliuliza.

“Nyuzi kapata kazi.”

“Afadhali! Kahangaika mno yule. Umempongeza?”

Mizani alikata yale maneno mawili kwa rula, mstari mmoja ulionyooka. Akaandika “Hongera” kwa mwandiko wake mzuri. Kisha akachukua karatasi safi nne, akazishonea mwishoni mwa sura ya saba, kwa ajili ya wino mwekundu.