Kisu cha Bibi Fransiska

Katika miezi kumi na minne aliyokaa nyumbani kwao Sekei, Evaresta hakuwahi kuiacha simu yake ishuke chini ya nusu ya chaji. Umeme ukikatika aliipeleka saluni ya jirani yenye jenereta, akakaa nayo palepale mpaka ijae. Sababu ilikuwa sentensi moja tu. Jioni ile taarifa ya habari iliposema kwamba uteuzi wake wa ukuu wa wilaya umetenguliwa, msomaji alimalizia kwamba atapangiwa kazi nyingine. Watu wote waliosikia walijua kuwa hayo ni maneno ya kufungia taarifa. Yeye aliyaamini. Mtu aliyeitumikia serikali miaka ishirini na sita, asiyaamini kwa nini?

Kwa hiyo kila asubuhi alioga, akavaa kitenge chake cha kushonwa, akachana nywele, akaketi sebuleni. Jamani, kusubiri kunachosha! Anayelima mashamba ya Nduruma kwenye jua anarudi jioni amechoka na anajua kwa nini. Evaresta alichoka kwa kukaa kwenye kochi, na uchovu wa namna hiyo hauishi hata ukiulalia siku tatu. Wale waliokuwa wakimpigia simu tano kwa siku kumwita Mheshimiwa walikuwa wamekaa kimya. Dereva wake wa zamani tu ndiye aliyemtumia ujumbe wakati wa Krismasi, na hata ule aliutuma kwa watu wengi kwa pamoja.

Nyumba yenyewe aliijenga alipokuwa madarakani, kwenye kiwanja cha marehemu baba yake, aliyezikwa hapohapo nyuma, kando ya migomba. Humo aliishi mama yake, Bibi Fransiska, mwenye miaka themanini na minne na mguu mmoja uliokataa kazi tangu Kwaresima. Kabla mguu haujakataa, bibi huyo hakukosa msiba hata mmoja kwenye njia yao, uwe wa Wakatoliki wenzake, wa Walutheri, au wa watu wasiosali popote. Sasa alikaa barazani akisikiliza kengele za makanisa na kukadiria nani kafa.

"Mzee Abdiel ametutoka," alimwambia binti yake Jumatano asubuhi. "Yule wa nyumba ya pili."

"Nimesikia, mama. Nitatuma sukari na mchele."

"Sukari itakuja kunililia mimi?"

Evaresta akainua macho kutoka kwenye simu.

"Tangu umerudi wamekufa watu watatu hapa," mama yake aliendelea, "na wote umewatumia sukari kwa mkono wa mtu. Mimi nikifa, Evaresta, nani atakuja? Unamkumbuka yule bwana mkubwa wa kule bondeni? Watoto wake hawakuwa wanakwenda kwa watu. Siku ya siku wakakodi wapishi wenye kofia nyeupe. Tulikula kuku, tukanawa, tukaondoka. Hata wa kufagia hakubaki. Mimi sitaki kuzikwa na watu wa kofia."

"Mama, hufi leo."

"Sijasema leo."

Evaresta alijua mama yake hasemi ovyo. Mtu huyu hakuwa akiogopa kifo. Alikuwa akiogopa ua mtupu. Alimuonea huruma, na huruma hiyo ikamchosha zaidi.

Alhamisi saa tisa alasiri akaenda. Alivaa suti nyeusi, akachukua mkoba na miwani ya jua. Uani kwa Mzee Abdiel palikuwa na maturubai mawili yaliyojaa watu waliokuja kwenye sala ya jioni, mazishi yakiwa ni kesho yake. Hakufikiria pa kukaa. Miguu yake, iliyozoea, ilimpeleka moja kwa moja hadi mstari wa mbele, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa, akaketi. Mama mmoja wa familia ya marehemu akasogea kumpisha, akabaki amesimama pembeni. Evaresta hakuliona hilo mpaka baadaye sana, usingizi ulipomkatalia.

Aliyeongoza shughuli alikuwa Sadoki, mwalimu mstaafu mwenye adabu nyingi. Kosa lake lilikuwa adabu hiyohiyo. Alipomwona akaona haya kumpita bila kumtaja. "Tunaye pia Mheshimiwa wetu," akasema kwenye kipaza sauti. "Karibu utusalimie."

Evaresta akasimama. Alikwishafanya hivi mara mia, kwenye misiba ya watu asiowajua, karatasi ya katibu wake mkononi. "Ndugu wafiwa, ndugu waombolezaji, itifaki imezingatiwa," akaanza kwa sauti yake ile ya jukwaani. "Nimesimama hapa kuwaletea salamu za pole kutoka serikalini."

Viti viwili kutoka kwake aliketi mtendaji wa kata, kijana mpole, na salamu za serikali alikuwa nazo yeye, zimeandikwa kwenye karatasi aliyoikunja magotini. Akainama kuangalia viatu vyake. Evaresta akatafuta sentensi ya pili, ile ya kumwelezea marehemu, asiipate, kwa sababu hakujua chochote kuhusu Mzee Abdiel isipokuwa kwamba kila asubuhi alipita mbele ya geti lao akivua kofia, na yeye akamtazama kupitia pazia.

"Poleni sana," akasema. "Asanteni."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Walimtazama kwa upole ambao watu huwapa wagonjwa, na uso wake ukawaka moto mpaka masikioni. Wimbo ulipoanzishwa akainuka taratibu, kama mtu anayetafuta choo, akazunguka nyuma ya nyumba. Alikumbuka kuwa kwenye migomba ya Mzee Abdiel kuna kinjia kinachotokea kwao. Alitaka kufika kitandani, ajifunike, basi.

Kumbe kinjia kimepita katikati ya jiko. Wanawake kama kumi na watano walikuwa wamekaa kwenye vigoda na ndoo zilizopinduliwa, wamezunguka rundo la ndizi za kupikia machalari, zile za kuchemshwa na nyama, wanamenya. Moshi, kelele, masufuria ya kuweza kumwogesha mtu mzima. Mkuu wao alikuwa Mama Naisiae, mwanamke wa Kiarusha aliyewauzia maziwa nusu ya watu wa mtaa na aliyepika katika misiba yao yote.

"Shikamoo, mama," Evaresta akasema, akitafuta pa kupita.

"Marahaba. Ndizi ni nyingi. Kaa hapo."

Hakumuuliza jina. Alimtafutia kisu kwenye beseni la vyombo, cha mpini wa plastiki, akamkabidhi, akaendelea na lake. Evaresta akabaki amekishika. Angeweza kueleza kwamba ana haraka, kwamba yeye ni fulani. Lakini ule ufulani alikuwa ametoka kuuaibisha mbele ya watu mia mbili, na kusema kweli hakuwa na nguvu ya kuubeba tena. Akatundika mkoba kwenye msumari, akakaa kwenye ndoo.

Kisu kilikuwa butu. Wenzake kila mmoja alikuwa na chake alichotoka nacho nyumbani, kimefungwa uzi au kitambaa mpinini ili kisipotee, na maganda yalikuwa yakiwatoka mikononi kirahisi. Yeye alikuwa akikata ganda na nyama kwa pamoja. Tena hakujipaka mafuta mikononi kwanza, kwa hiyo utomvu ukamganda kwenye vidole ukaanza kugeuka mweusi.

"Mngejipanga kwa makundi," akasikia mdomo wake ukisema, "hawa wamenye, hawa waoshe, kazi ingekwenda kwa..."

Wanawake wakamtazama. Akafunga mdomo.

Hapo simu ikalia. Evaresta aliruka. Aliruka kweli, ndizi ikaangukia huko, akaukwanyua mkoba msumarini, akachakura kwa vidole vyenye utomvu mpaka akaipata. "Haloo, Evaresta anaongea!" Sauti ya kurekodiwa ikamkaribisha ajiunge na kifurushi cha wiki. Aliisikiliza yote mpaka mwisho, akiwa amewapa mgongo wenzake, kwa sababu hakujua ageuke na uso gani. Aliporudi kwenye ndoo yake, kioo cha simu kilikuwa na alama za vidole ambazo hazikufutika.

Mama Naisiae akachungulia beseni lake. Akaokota ndizi moja iliyobaki nyembamba kama kidole cha mtoto, akaigeuzageuza. "Hii umemenya au umechonga?" Kisha akawageukia wengine, bila ubaya wowote: "Huyu ndizi hawezi. Mpangieni kazi nyingine."

Evaresta akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameinamia magoti, mabega yakimtetemeka, miezi kumi na minne ikimtoka kwa mara moja, na katikati ya kicheko akagundua kuwa analia. Alilia vibaya, kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ile taarifa ilipotoka. Wanawake wakaacha visu. Mmoja akampangusa uso kwa kanga yake. "Mwacheni alie," akasema Mama Naisiae. "Mzee Abdiel amepata wa kumlilia kweli." Na Evaresta akaona aibu kupita ile ya kwenye kipaza sauti, maana yeye hakuwahi kumpa mzee wa watu hata salamu, na sasa alikuwa akisifiwa kwa kumlilia. Kwa hiyo machozi ya mwisho akayatoa kwa ajili yake kweli.

Kazi nyingine ilikuwa kubeba maganda. Alivua koti la suti, akajaza kapu, akalipeleka zizini kwa ng'ombe wawili wa marehemu, akarudi, akajaza tena. Hilo aliliweza. Giza lilipoanza kuingia alikuwa ameenda safari zisizopungua ishirini, na mgongo ulimuuma, safari hii akijua kwa nini.

Bibi Fransiska alikuwa barazani bado. Hakuuliza lolote kuhusu hotuba, ingawa habari zake hakika zilikwishamfikia. Alimwomba binti yake mikono, akaisogeza kwenye taa, akaitazama mbele na nyuma.

"Walikupa kisu gani?"

"Cha mpini wa plastiki. Butu."

"Hicho wanampa mgeni," mama akasema. Akaiachia mikono. "Nenda chumbani kwangu, droo ya chini, chini ya rozari."

Kilikuwa kisu kidogo, ubapa wake umelika kwa kunolewa miaka mingi, na mpini umeviringwa kitambaa chekundu. Evaresta alikuwa amekiona utotoni mwake wote bila kukitazama. Mama yake akamwonyesha namna ya kukishika, kidole gumba kikitangulia, akamtuma alete ndizi tatu kutoka jikoni, wakamenya pale barazani bila kusema mengi. Ya tatu ilitoka nzima.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla jua halijaumulika vizuri Mlima Meru, alikwenda amevaa kitenge cha mama yake na viatu vya shambani. Simu aliisahau kwenye chaji. Si kwamba aliamua. Aliisahau tu, na alipokumbuka alikuwa ameshajipaka mafuta mikononi.

Wanawake waliona kisu kabla ya kumwona yeye. "Hicho si cha Bibi Fransiska?" mmoja akauliza. Mama Naisiae akatazama kitambaa chekundu, akatazama uso wa aliyekishika, akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Kumbe wewe ni mtoto wa Bibi Fransiska!"

"Ndiyo, mama."

"Si ungesema jana?"

Alimenya hadi saa tano, polepole, akifanya moja wenzake wakifanya tatu. Wakati wa mazishi alisimama nyuma kabisa pamoja nao, na Sadoki alipomwona alifungua mdomo kutaka kumtaja, akabadili nia. Baada ya chakula walibaki kuosha masufuria na kufagia ua. Watu wengine walishaondoka. Alichoka kabisa, na hakuna aliyemshukuru, kwa sababu hakuna aliyeshukuriwa.

Mama Naisiae alikuwa akikusanya visu vya mtaa kwenye beseni. "Hicho tukiweke na hivi," akauliza, "au unaondoka nacho?"

"Naondoka nacho, mama." Evaresta alikuwa akikifuta kwa pindo la kitenge. "Mama kaniambia nisikipoteze. Kasema siku yake yeye ikifika, kitahitajika."

Mama Naisiae aliweka beseni chini. Akatazama kule kwenye geti lao, juu ya migomba, kwa muda, kama anayepanga nani ataleta sufuria gani.

"Mwambie Bibi atulie," akasema. "Tutakuja."