Ukanda wa Moti

Fundi Muhiddin hakuwa na mdomo wa kumkatalia Indumati jambo. Marehemu baba wa binti huyo, Jamnadas muuza vitambaa, ndiye aliyempa chumba cha chini cha nyumba yake pale Mkunazini, pamoja na ua wa nyuma, akamwambia, "Kaa, shona viatu vyako." Miaka thelathini ikapita kwa neno hilo moja. Kwa hiyo binti alipoingia na mbwa wake nyuma, Muhiddin alijua anachokitaka kabla hajakisema.

"Shikamoo, Baba Muhiddin."

"Marahaba, mwanangu. Kibali kimetoka?"

"Kimetoka. Ijumaa nnaondoka, kwenda Bombay kwa mama mdogo. Moti hawamtaki melini." Akamshika mbwa wake kichwa. "Na tangazo umelisikia."

Nani asiyelisikia? Gari la kipaza sauti lilikuwa limeuzunguka mji tangu asubuhi. Kila mbwa avae ukanda shingoni, na ukanda ukapakwe rangi nyekundu ofisini. Atakayekutwa hana rangi atapigwa risasi. Zamani walitoa vibati vyenye nambari. Mwaka huo wa 1969 vibati vilikuwa vimekwisha, kama sabuni na kama mchele, ikabaki rangi, nayo imezimuliwa kwa mafuta ya taa. Wenye mbwa walikuwa wakihama mmoja mmoja, na mbwa wao wakibaki kuzurura majaani. Mji uliokosa sabuni haukukosa risasi.

"Mtengenezee ukanda mzuri," alisema Indumati. "Halafu akae na wewe. Sina mwengine."

Mwatum, mkewe fundi, alikuwa mlango wa uani na ungo wake mkononi. "Mbwa! Na humu ndimo tunamosalia!" Kisha akamwona binti anavyolia, akashusha sauti. "Basi kama hapana budi, mtie mnyororo. Chuma hukimwagia maji kikatwaharika. Ngozi itakunywa mate yake, na hiyo mikono ndo unayoshonea watu makubadhi ya kwendea msikitini."

Alisema haki, na Muhiddin alijua. Lakini fundi ni fundi, na kiburi cha kazi hakimwachi mtu hata akiota mvi. Mnyororo utamla manyoya, alisema. Kamba ikirowa itamkaza. Shingo hii inataka ngozi. Akafungua sanduku akatoa kipande cha ngozi ya ndama alichokiweka tangu kabla ya Mapinduzi, laini, alichokuwa akikionea choyo hata kukikata. Mbwa mwenyewe Muhiddin hakumgusa. Indumati alimpima kwa uzi, akampa fundi uzi, na fundi akakata kwa uzi ule.

"Vipite vidole viwili," alimfundisha. "Vikipita vitatu atajivua, kikipita kimoja utamkaba."

Binti akampeleka mbwa kupakiwa rangi kwenye ukanda, akamrudisha, na Ijumaa akaondoka bila ya kugeuka nyuma. Muhiddin alimsifu kwa hilo. Yeye mwenyewe asingeweza.

Moti aliishi uani. Kila asubuhi alitoka akenda Forodhani, kwenye benchi alilozoea kukaa Indumati, akalala chini yake mpaka jua likawa kali, kisha akarudi. Wapiga mbwa walimpita. Mmoja wao, Msabah, aliyevaa viatu vilivyotiwa soli na Muhiddin, kila akiiona ile rangi nyekundu humpigia mluzi, naye Moti humtikisia mkia.

Mwezi wa kwanza Mwatum alimsukumia wali kwa mti wa ufagio. Mwezi wa pili akaanza kumsemesha. "Ushakula weye?" alimuuliza siku moja, akadhani hapana amsikiaye. Ilipoingia masika, mbwa akawa anatetemeka uani usiku kucha, na Mwatum naye hapati usingizi kwa kumsikia.

Muhiddin alikuwa Bwejuu, amekwenda mazikoni, siku mkewe alipokata shauri. Mbwa atalala chini ya ngazi. Lakini akilala ndani, ukanda ule uliorowa mate na mvua utagusa mlango, utagusa ukuta, utagusa mkeka. Basi akamvua, mkono ameuviringa tambara, akauosha ukanda kama sheria ya dini inavyotaka: maji saba, ya kwanza ya udongo. Akausugua kwa kumbi la nazi, kwani ngozi inakunywa, mpaka ukarudi rangi yake ya ndama. Akauanika juani. Ulipokauka, na mbwa amekauka, akamvisha kwa mikono yake mitupu, kwani mkavu kwa mkavu hapana neno. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumgusa. Akapima vidole viwili. Kisha akamfungulia mlango, na Moti akenda zake Forodhani.

Muhiddin alishuka kwenye gari la shamba pale Darajani, akapewa habari hata hajafika nyumbani. Alimkuta Msabah bado yuko bustanini Forodhani, bunduki begani, na Moti chini ya benchi, amekwisha kufa.

"Huyu unamjua," Muhiddin alisema. "Kila siku unampigia mluzi."

"Nnamjua, mzee. Lakini leo n'na mkubwa garini. Kauliza, 'Ana rangi yule?' Nkatazama, hana." Msabah aliinama akakifungua kishikizo, akampa ukanda. "Nenda nao. Ngozi nzuri hii, haramu kuizika."

Mwatum aliuona ukanda mkononi mwa mumewe, akaweka chini birika la maji.

"Nliutwaharisha," alisema. "Nlitaka alale ndani."

Maneno yalimjaa Muhiddin kinywani, machungu kama shubiri, na mengine hayasemeki kwa mke wa miaka mingi. Lakini kila alilotaka kulisema lilimrudia mwenyewe. Mkewe alisema mnyororo. Nani aliyetaka ngozi? Akayameza yote. Akauchukua ukanda, akautundika msumarini juu ya kibao chake cha kazi, na tangu siku hiyo wakawa wanakula sinia moja bila ya kutazamana.

Barua ya Bombay ilifika baada ya Idi. Indumati aliandika kwamba nyumba ya mama mdogo imejaa watu, na kwamba lugha ya wazazi wake anaizungumza lakini wanamcheka lafudhi. Chini kabisa aliuliza: Moti amenenepa? Ukanda usije ukambana. Kama unambana, Baba, mtobolee tundu jengine.

Muhiddin aliutazama msumari muda mrefu. Siku ya pili akachukua kalamu.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," aliandika. "Ukanda haumbani hata kidogo."