Mguu wa Baba Bwawani

Kazi yangu ilikuwa kulinda bwawa. Kijiji kizima tulikunywa maji yale, na mwaka ule watu tisa walikuwa wanatokwa na mnyoo. Ni uzi mweupe unaochomoza kwenye lengelenge la mguu, nawe unauzungusha kwenye kijiti, kidogo leo, kidogo kesho, mpaka uishe. Unachoma kama kaa la moto. Mwenye nao alikatazwa kukanyaga maji, kwa sababu humo ndimo mnyoo humwaga watoto wake, na anayeyanywa hukaa nao mwilini mwaka mzima bila kujua.

Bwana Tampuri wa idara ya afya ndiye aliyenipa filimbi, na vitambaa vya kuchujia maji nigawie kila nyumba. Wanawake hawakuniacha salama. Katumi, tuliyekua naye mlango kwa mlango, kila asubuhi aliniuliza huku akijitwisha beseni, "Askari, leo umekamata vyura wangapi?" Nami nilimjibu kwamba namngoja yeye, shemeji yao, aje kuwatoa kifungoni.

Baba yangu, mzee Neindow, alitokwa na mnyoo nyuma ya kifundo msimu wa kupanda viazi vikuu. Nilikuwa nimerudi kwake baada ya ndoa yangu kuvunjika, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga kidonda. Alikuwa mtu wa kusikilizwa. Mbele ya chifu, yeye ndiye aliyesema kwamba atakayeonekana bwawani na kidonda asisalimiwe hata sokoni.

Mchana mmoja wa jua kali, watu wote wakiwa mashambani, nilikwenda kujisaidia vichakani. Niliporudi nilimkuta amesimama majini hadi magotini, amefumba macho. Kwa wiki tatu sikuwa nimeuona uso wake umetulia namna ile.

"Baba, toka."

"Niache kidogo tu, mwanangu. Kidogo tu."

Nilimshika mkono nikamtoa. Njiani aliniegemea begani, mzito, wala hakunitazama. Karibu na nyumbani akasema, "Tunajua wawili tu, Azara. Usinivue nguo mbele za watu."

Nilijua la kufanya. Bwana Tampuri alikuwa na dawa ya kumwaga bwawani, inayoua vile vidudu vya maji vinavyoubeba mnyoo, kabla maji hayajawa hatari kunywa. Aliwahi kuniambia: ukimwona mtu ameingia, nipe habari upesi, mengine niachie. Alhamisi alifika na pikipiki yake. Akaniuliza, kama kila wiki, kuna aliyeingia? Nikasema hakuna. Akaandika, akanipa vitambaa vipya, akaenda zake.

Mwaka uliofuata, mvua za kwanza ziliponyesha, mtoto wa imamu alianza kutokwa na mnyoo. Wiki ile ile wakafuata sita. Hadi mwezi ulipoisha walikuwa arobaini na watatu. Watu wazima walitambaa kwenda chooni. Mashamba yalibaki bila matuta, mbegu za viazi zikaoza ghalani. Bwana Tampuri alikaa kwenye gogo akiyapitia maandishi yake, anarudi nyuma, anasonga mbele, haelewi. Nilimwona, nikaingia ndani.

Katumi naye alipata, kwenye kisigino. Nyumbani kwake alikuwa anachuja maji vizuri kuliko wote, lakini shambani, kwenye jua lile, nani anakumbuka kitambaa? Alikuwa na mtoto wa miezi miwili, Fuseina. Mumewe, Issahaku, alikuwa na haraka apone waende kulima, akauvuta mnyoo kwa nguvu ukakatikia ndani. Mguu ukavimba. Mama mmoja akakanda kidonda kwa mavi ya ng'ombe, kama walivyofanya wazee wake. Baada ya siku tisa Katumi alishindwa kufungua mdomo kula. Tulimpeleka hospitali ya wilaya tumemlaza kwenye trela la trekta, mwili umekakamaa kama ubao, nami nimempakata Fuseina. Walisema ni pepopunda. Aliishi siku mbili.

Nikawa nakwenda kwa Issahaku kila siku kumbeba mtoto. Watu walinisifu, na sifa zile ndizo zilizonishinda. Baada ya dua ya siku ya saba nilichuchumaa mbele yake nikamweleza yote.

Aliuliza, "Siku ile, dawa ya kumwaga bwawani ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Naye Bwana Tampuri alikuuliza?"

"Aliniuliza. Nikasema hakuna."

Akanyoosha mikono akamchukua Fuseina kutoka mapajani mwangu. Hakupaza sauti. "Usije tena kumbeba," akasema.

Nilimweleza baba jioni ile. Nilidhani atanipiga. Aliomba fimbo yake, akaenda peke yake nyumbani kwa Issahaku. Aliporudi alinisimulia kwamba alipokelewa kama mgeni yeyote, akapewa maji kwenye kibuyu, yamechujwa. Alikaa nayo mikononi, akashindwa kuyanywa, akashindwa pia kusema alichokwenda kusema. Issahaku ndiye aliyemwambia, "Nenda nyumbani, mzee. Nimeshaambiwa."

Ijumaa baada ya swala baba alisimama mbele ya watu wote akasema mwenyewe. Hakuna aliyemtukana. Walianza tu kutomsalimia, kama alivyotaka mwenyewe siku ile kwa chifu, na wengine walimpita sokoni huku wameinamisha macho kwa huzuni. Aliishi miaka minne zaidi.

Bwana Tampuri alininyang'anya filimbi, na alikuwa na haki. Bwawa lilitiwa dawa. Mwaka uliofuata tukachimbiwa kisima cha pampu, na mnyoo haujaonekana tena kwetu.

Fuseina sasa anasoma darasa la tano. Tukikutana pampuni hunisaidia kujitwisha, ananiita mama Azara. Sijui baba yake atamwambia lini. Kila nimwonapo anakuja na ndoo yake huwa nampisha ateke kwanza.